Jibu: Gemu za kucheza peke yako bado zina raha gani?

Mkuu, umeuliza kwa nini mtu anunue gemu ya kucheza peke yake wakati Call of Duty, ile ya kupigana risasi, ipo na wenzake wote wako mtandaoni. Kwangu mimi ni stori, na kwenda kwa mwendo wangu.

Chukua Red Dead Redemption 2 ya mwaka 2018. Wewe ni Arthur Morgan, jambazi wa Marekani ya 1899. Unaweza kuachana na misheni kabisa, ukashuka kwenye farasi, ukampiga brashi, ukamlisha, ukaenda zako kuvua samaki. Ukirudi kambini unakuta wenzako wanapiga soga kando ya moto, na ukitulia hapo unasikia mambo ambayo misheni hazikuambii. Mtandaoni utulie wapi? Ukizubaa kidogo umeshalambwa risasi na katoto fulani, na matusi juu.

Halafu kuna habari ya bando (wanaojua wanajua). Na seva je, zile kompyuta za kampuni zinazoendesha gemu ya mtandaoni? Zikizimwa, gemu imekufa. Concord, gemu ya mtandaoni ya Sony, ilitoka Agosti 2024, wiki mbili tu ikazimwa, wanunuzi wakarudishiwa pesa. GTA San Andreas ya 2004, isiyohitaji seva, bado inapigwa kwenye PS2 hadi leo.

Ila kwa gemu za mpira sibishi. Kuifunga kompyuta mabao matano hakuna utamu kama kumfunga shemeji bao moja dakika ya 90, sebule nzima inatazama.

Kama una PS4, anza na hiyo ya Arthur. Sura ya kwanza, ile ya kwenye theluji, inajikokota, vumilia.