Wasomaji wanauliza: Wylam, kijiji kilichotoa injini halafu kikabaki kupanda treni

Toleo lililopita tulitaja kwa mstari mmoja tu kwamba George Stephenson, yule mhandisi anayeitwa baba wa reli, alizaliwa kijiji kinaitwa Wylam kaskazini mwa Uingereza. Mstari mmoja! Barua zimekuja mpaka nimeamua ukurasa wote uwe wa Wylam, maswali mengine tutayarudia.

Swali: Kaka habari za kazi. Mume wangu amepata kazi Newcastle, na mwenzake wa ofisini anatushauri tukapange Wylam, eti ni shamba kabisa, mto, miti, utulivu wa karne na karne. Nimeangalia kwenye ramani sioni kiwanda wala kitu, ni nyumba tu na mto Tyne. Hao watu wanapata wapi riziki? (Mama wa wawili)

Salama dada, hongereni kwa kazi. Riziki yao iko Newcastle, hukohuko anakoenda mumeo. Kijiji kiko kama kilomita 16 magharibi ya mji, treni inachukua dakika kama 20, asubuhi watu wanatoka na mabegi yao wanaenda kwenye maofisi, mahospitali, vyuo vikuu, jioni wanarudi. Wakazi ni kama 2,000 hivi. Kwa hiyo ndiyo, ni kijiji cha kulala, maisha ya mchana yako mjini, na mwenzake mumeo hajadanganya kuhusu mto na miti.

Ila hapo kwenye "utulivu wa karne na karne" naomba nimkatize. Utulivu wa Wylam ni wa juzijuzi tu ukilinganisha na umri wa kijiji chenyewe. Zamani sana ilikuwa mali ya watawa wa Tynemouth, hiyo tuipite haraka, halafu baadaye ikaangukia kwenye ukoo wa Blackett, matajiri wa Newcastle, na kuanzia hapo habari ni makaa ya mawe. Ungefika pale mwanzoni mwa miaka ya 1800 ungekuta mgodi, mashine za kuvuta maji shimoni zinapumua usiku na mchana, moshi, matope meusi, watoto wa wachimbaji wamejazana familia nzima chumba kimoja. Baadaye ikaongezeka na kazi ya kuyeyusha chuma. Hakuna mtu angekuambia uende huko kupumzisha kichwa.

Sasa ilikuwaje pakawa kijani? Chuma kilikufa, na mgodi nao ukafungwa mwaka 1868. Vijiji vingi vya makaa kaskazini vikifungiwa mgodi vinabaki na umaskini miaka na miaka, watu hawana pa kwenda. Wylam ilikuwa na bahati moja, reli ya abiria ilikuwa imeshafika tangu 1835, yaani miaka 33 kabla mgodi haujafungwa tayari mtu angeweza kupanda treni. Wenye pesa wa Newcastle, mawakili, wafanyabiashara, wakaona kumbe naweza kufanya kazi mjini nikalala huku mbali na moshi, wakaanza kujenga majumba makubwa ya mawe. Hata Charles Parsons, yule aliyebuni turbini ya mvuke mwaka 1884, aliishi Holeyn Hall pale jirani huku kiwanda chake kikiwa Newcastle. Huyo ndio mkazi wa Wylam ya leo kabla ya leo, ukitoa utajiri.

Kwa hiyo dada nendeni tu, ila msiende mkidhani mnahamia shambani. Mnahamia mgodi wa zamani uliosafishwa vizuri.

Swali: Tumebishana na shemeji mpaka chakula kimepoa. Yeye anasema Stephenson ndiye aliyetengeneza Puffing Billy, ile injini ya reli ya mvuke ya Wylam, mimi nasema sio yeye. Nani anamlipa mwenzake?

Shemeji alipe.

Na hili naomba nilieleze kwa kirefu kidogo maana linaniudhi kila mwaka. Stephenson alizaliwa Wylam kweli, tarehe 9 Juni 1781, kwenye nyumba ya mawe inaitwa High Street House ambayo ipo mpaka leo. Baba yake alikuwa mchochea moto kwenye injini ya kuvuta maji ya mgodi, wazazi wote hawakujua kusoma, na familia ilikuwa na chumba kimoja tu kwenye nyumba hiyo, vyumba vingine wanakaa familia zingine. Mlangoni kwao ilipita njia ya reli, ila usiwaze treni, ilikuwa reli ya mbao, mabehewa ya makaa yanavutwa na farasi. Njia hiyo ilikuwepo tangu kama 1748 na ilienda maili tano mpaka Lemington, kwa sababu huku juu mto Tyne una kina kidogo, meli hazifiki, so makaa yanasukumwa mpaka Lemington yanapakiwa kwenye mashua bapa ndo yanashuka kufuata meli. Mtoto George akiwa na miaka kama minane hivi familia ikahama kufuata kazi. Basi. Hayo ndiyo maisha yake yote ya Wylam. Kusoma kwenyewe alijifunza akiwa na miaka 18, shule ya usiku, na huko ni kwingine.

Puffing Billy ilikuja 1813 hadi 1814, na Stephenson wakati huo yuko kwenye mgodi mwingine, Killingworth, anahangaika na injini yake mwenyewe. Wa Wylam walikuwa wengine. Mwenye mgodi Christopher Blackett alikuwa na shida ya kawaida ya tajiri, gharama. Vita vya Napoleon vimepandisha bei ya farasi na chakula cha farasi, na makaa lazima yafike mtoni. Alishawahi kujaribu mapema, kama 1805 mhandisi Richard Trevithick alichora injini kwa ajili ya Wylam, ikatengenezwa Gateshead, mji ulio ng'ambo ya mto kutoka Newcastle, ikaonekana ni nzito mno kwa reli za mbao, ikaachwa hukohuko. Blackett hakukata tamaa, akabadilisha reli zikawa za chuma, halafu akampa kazi msimamizi wake wa mgodi, William Hedley, akishirikiana na fundi mitambo Jonathan Forster na mhunzi mkuu Timothy Hackworth.

Swali lao la kwanza lilikuwa hivi, na mimi ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Watu wengi enzi hizo waliamini gurudumu laini la chuma juu ya reli laini ya chuma litateleza tu bila kuvuta kitu, mpaka wengine wakaweka meno pembeni ya reli ili gurudumu lishike. Hedley hakubishana na mtu, alitengeneza kigari cha majaribio kinachozungushwa kwa mikono ya watu, akakifungia mabehewa, akaongeza mzigo taratibu aone kitateleza saa ngapi. Akaona uzito wenyewe unatosha kushika reli. Ndipo wakajenga injini. Na tatizo la pili likaja palepale, injini ikawa inavunja reli kwa uzito, ikabidi waipe magurudumu manane kugawanya mzigo, baadaye sana reli zilipoimarishwa wakairudisha kwenye manne. Mwendo wake kama kilomita 8 kwa saa, mtu anayetembea haraka anakaribia kuipita, ila haili majani na haichoki. Ilifanya kazi mpaka 1862! Leo iko Science Museum London na ndiyo injini ya reli ya mvuke kongwe kuliko zote zilizobaki duniani. Dada yake, Wylam Dilly, iko makumbusho ya Edinburgh, na huyo ana kisa chake, 1822 wapiga makasia wa zile mashua waligoma, wenye mgodi wakaichukua injini ya reli wakaipachika kwenye mashua ikawa inavuta zingine mtoni. Ukatili wa aina yake ukimfikiria mgomaji amesimama ukingoni anaangalia.

Na huyo Hackworth ni mzaliwa wa Wylam hasa, 1786, baadaye akawa fundi mkuu wa injini za reli ya Stockton na Darlington, na mwaka 1829 kwenye mashindano ya injini ya Rainhill injini yake Sans Pareil ilishindana na Rocket ya kina Stephenson ikashindwa. Kwa hiyo wana wawili wa kijiji kimoja, umri umepishana miaka mitano, wamekutana kwenye mashindano makubwa kuliko yote ya injini. Mmoja dunia nzima inamjua, mwingine mpaka umtafute. Stephenson anastahili heshima yake, sikatai, ila za Wylam aliziona tu kama jirani anayekuja kuchungulia.

Swali: Nilipita Wylam na treni nikashangaa, stesheni iko upande mmoja wa mto na kijiji karibu chote kiko upande mwingine. Nani alipanga hivyo?

Hakuna aliyekipangia kijiji. Reli ya Newcastle na Carlisle ilikuwa inatafuta njia rahisi ya kufika magharibi, ikafuata ukingo wa kusini, Wylam ikapewa stesheni yake 1835 ikiwa ng'ambo. Daraja la kuvukia likajengwa muda mfupi baadaye, na ulikuwa unalipa ili upite. Stesheni hiyo ni kati ya kongwe zaidi duniani ambazo bado zinapokea abiria, na ukisimama pale inua macho utaona kibanda cha kuongozea ishara kimejengwa juu kabisa, kimevuka reli zote kama daraja. Siku hizi vibanda vya aina hiyo ni vichache sana, piga picha.

Watu wengi hawajui kwamba upande wa kijiji nao uliwahi kuwa na reli yake. Mwaka 1876 ilifunguliwa njia ya ukingo wa kaskazini, na Wylam ikawa kijiji kidogo chenye stesheni mbili, anasa hiyo. Ilipita palepale ilipokuwa njia ya mabehewa ya zamani, mbele ya nyumba aliyozaliwa Stephenson, halafu ikavuka mto kwa daraja la upinde mmoja wa chuma, halina hata nguzo moja majini, sakafu imening'inizwa kwenye upinde. Ukilitazama utakumbuka Daraja la Tyne la mjini Newcastle, ila hili ndilo kaka, lile lilikuja 1928. Njia ya kaskazini ilifungwa 1968, reli zikang'olewa, sasa ni njia ya baiskeli na waenda kwa miguu, na daraja bado lipo unalivuka bure.

Ukitaka kufika nyumbani kwa Stephenson tembea njia hiyo kuelekea mashariki kutoka kijijini, ni mwendo mfupi, tambarare hata kwa mtoto. Nyumba iko chini ya National Trust, shirika la kuhifadhi majengo ya kale, angalia kwanza kama inapokea wageni usije ukaishia kusoma kibao nje. Kijijini kwenyewe kuna kimakumbusho kidogo cha reli kwenye jengo la maktaba, Falcon Centre.

Swali: Kodi za huko vipi? Na kwanini hawajengi nyumba zaidi kama kila mtu anapataka? (Yuleyule mama wa wawili, nimesahau kuuliza)

Bei siwezi kukutajia maana zinabadilika, ila jiandaeni, Wylam ni moja ya sehemu ghali ukilinganisha na vijiji vingi vya bonde lile. Sababu kubwa ni kwamba Newcastle na miji yake imezungukwa na ukanda wa kijani, ardhi ambayo sheria ya mipango miji inazuia isijengwe ovyo, ili mji usimeze vijiji, na Wylam iko ndani ya ukanda huo. Wanaotaka kuingia ni wengi, nyumba haziongezeki, hesabu umeipata. Wazee waliokulia pale watoto wao mara nyingi wanashindwa kununua hapohapo, wanaenda Prudhoe, mji wa jirani, ambako bei inapumua. Mimi sheria hiyo naielewa, bila hiyo kijiji kingekuwa kimeshaungana na mji, lakini isiitwe zawadi kwa kila mtu, kwa mpangaji ni adhabu.

Kabla ya kusaini mkataba fanyeni hivi. Mumeo apande treni ya saa anayoihitaji kweli, siku ya kazi, sio Jumapili, na ya kurudi pia, maana sio kama treni za katikati ya mji zinazokuja kila dakika tano, ikikupita unasubiri, na jioni ndo inauma zaidi. Halafu angalieni nyumba iko kimo gani kutoka mtoni, Tyne ukifurika hauulizi kodi umelipa lini, na barabara za kupanda kutoka daraja kwenda juu zina mlima wa kutosha ukiwa na kigari cha mtoto. Akiwahi kurudi, pembeni kabisa ya stesheni kuna baa inaitwa Boathouse, wapenda bia wanaisifu sana, kwa hiyo akikuambia treni imechelewa wewe uliza imechelewa kabla ya kufika au baada.