Maswali na majibu: Je, Gharika ya Nuhu ndiyo iliyozika visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyomo miambani?

Swali: Mabaki ya viumbe wa baharini yamepatikana hadi kileleni mwa Everest. Maji yalifikaje huko kama si Gharika?

Maji hayakupanda, mwamba ndio uliopanda. Kilele hicho ni mawe ya chokaa yaliyojengeka chini ya bahari zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. India ilipogongana na Asia, miaka kama milioni 50 iliyopita, sakafu ya bahari iliyokuwa katikati ilikunjwa ikainuliwa.

Hoja yenyewe ni kongwe. Leonardo da Vinci, mchoraji na mchunguzi wa Italia wa zaidi ya miaka 500 iliyopita, aliipima kwa kombe, viumbe wa baharini wenye magamba mawili, waliokutwa katika milima ya Italia. Kombe, alisema, hujikokota dhiraa tatu au nne tu kwa siku. Atatokaje bahari ya Adriatic hadi Monferrato, kaskazini magharibi mwa Italia, maili 250, katika siku 40 za mvua? Na kama ni mawimbi yaliyowabeba, mbona magamba mengi bado yameshikana mawili mawili, wakubwa na wadogo pamoja, kama walivyoishi?

Swali: Huenda wanyama wazito walizama kwanza na wenye mbio wakakimbilia vilimani. Je, si ndiyo sababu visukuku vimepangika tabaka kwa tabaka?

Basi mwulize pomboo. Yeye na ikthiosauri, mtambaazi wa baharini wa kale, wanafanana umbo, na wapo wa kimo kimoja, na wote ni waogeleaji hodari. Maji yangewachanganya. Lakini hakuna tabaka hata moja walimokutwa pamoja: ikthiosauri wanakoma chini, pomboo wanaanza juu sana.

Halafu kuna chavua, vumbi la maua, ambalo maji yangelisambaza kila mahali. Kwenye makaa ya mawe ya kale ya Ulaya na Amerika Kaskazini chembe za uzazi za jamii ya kangaga zimejaa tele. Chavua ya maua hamna. Na maua, nijuavyo mimi, hayakimbilii vilimani.

Swali: Na miti iliyogeuka mawe ikiwa imesimama wima, ikipenya matabaka kadhaa?

Ilifukiwa haraka, nakubali bila kinyongo. Ila pale Joggins, Kanada, mizizi yake ingali katika udongo ilimoota, na juu yake upo msitu mwingine, kisha mwingine. Mwaka mmoja wa Gharika hauotezi misitu kwa zamu.

Swali: Si kweli kwamba wanajiolojia, wataalamu wa miamba, waliikataa Gharika ili kumpisha Darwin na nadharia yake ya mageuzi ya viumbe?

Tazama tarehe. Adam Sedgwick, kasisi wa Kianglikana na profesa wa Cambridge, aliikana hadharani nadharia hiyo mwaka 1831 mbele ya chama cha wanajiolojia cha London. William Buckland, kasisi mwenzake, alikuwa ameitetea kwa kitabu kizima mwaka 1823. Naye baadaye aliiacha. Kitabu cha Darwin kuhusu asili ya spishi kilitoka mwaka 1859. Makasisi hawa waliendelea kusali kama kawaida.

Swali: Kwa hiyo hakukuwa na gharika yoyote?

Zilikuwapo nyingi. Mwanaakiolojia Leonard Woolley alipochimba Ur, mji wa kale huko Iraki, mwishoni mwa miaka ya 1920, alikuta tope safi lenye unene wa mita kadhaa, akaamini ameifikia ya Nuhu. Matope ya mafuriko yalipatikana pia Kish na Shuruppak, miji mingine ya kale ya huko, lakini ni ya nyakati tofauti.