Chupa tano za soda zinatosha

Dada, umeuliza watoto wafanye nini mvua ikiwafungia ndani na hakuna ala yoyote ya muziki. Tafuta chupa tano za soda za kioo, saizi moja. Za plastiki hazilii. Zipange juu ya kanga iliyokunjwa, zikiachana vidole viwili, maana zikigusana sauti inakufa. Ya kwanza ijaze hadi karibu na shingo: hiyo ndiyo noti ya do, ya chini kabisa. Zinazofuata zipunguzie maji kijiko kimoja kimoja hadi upate re, mi, so na la. Ruka fa na ti. Bila hizo mtoto hata akigonga ovyo masikio hayaumii. Gongeni kwa penseli au mwiko mdogo, si chuma.

Wengi huchanganyikiwa hapa: ukigonga, maji mengi hutoa sauti nene, ukipuliza mdomoni mwa chupa, maji mengi hutoa sauti nyembamba, kwa sababu sasa kinachotetema ni hewa iliyobaki.

Kuyatia maji ya chupa rangi, tumia maji ya choya au bitiruti (manjano hutuama chini). Kisha wachore duara za rangi za chupa kwa mstari kwenye karatasi, wapige wakiufuata. Kina cha maji kiwekee alama, yatapungua.