Kabla hujaenda kuangalia dabi ya Sheffield FC na Hallam, soma hapa kwanza

Wabongo wengi wakifika Sheffield huku Uingereza kusoma au kupiga kazi, wiki ya kwanza tu washaanza kuulizia tiketi ya dabi ya Sheffield United na Sheffield Wednesday, zile klabu mbili kubwa za mji. Nawaelewa, ila ile tiketi ni ngumu kuipata kama hujajisajili na klabu, na hata ukiipata unakaa kiti ulichopangiwa, mashabiki wametenganishwa, polisi wamejaa, dakika tisini zikiisha unarudi geto hujaongea na mtu yeyote. Mi kwa mgeni ushauri wangu ni mmoja, anzia chini. Tafuta siku Sheffield FC anacheza na Hallam FC, hao ndo watani wa jadi wenyewe, dabi kongwe kuliko zote duniani.

Na sio chumvi. Sheffield FC ilianzishwa 1857, ndo klabu ya mpira wa miguu ya zamani kuliko zote, 2004 FIFA wakawapa nishani ya heshima, wao na Real Madrid. Hallam wakaja 1860, na tarehe 26 Desemba mwaka huohuo wakakutana Sandygate, uwanja wa Hallam, Sheffield akashinda 2-0. Sasa piga hesabu, Yanga inaanzishwa 1935 hawa jamaa washataniana miaka 75, na Dar yenyewe siku ile ya mechi ya kwanza ilikuwa bado kijiji cha Mzizima. Desemba 1862 wakacheza tena uwanja wa Bramall Lane, mechi ya hisani eti, ngumi zikapigwa humohumo uwanjani na ikaisha bila bila. Kwa hiyo mtu asikwambie fujo za dabi tumezianzisha sisi.

Cha kuelewa ni kwamba Uingereza klabu 92 tu ndo ziko kwenye ligi nne za juu, zilizobaki zote wanazihesabu ziko nje ya ligi. Usizione kama chandimu lakini, kuna ngazi kibao, wanapanda na kushuka, hawa wawili miaka ya karibuni wamekuwa daraja la nane na la tisa huko. Wachezaji wengi wana kazi zao za kawaida mchana, mazoezi jioni. Na kwa kuwa miaka mingi wamekuwa madaraja tofauti, dabi haiji kwa uhakika kila msimu, mara nyingine inakuja kwenye kombe la kaunti au kirafiki kabla ya ligi kuanza, so angalia ratiba zao wenyewe mtandaoni, usisubiri kusikia redioni.

Jambo la kwanza kabisa: chagua timu kabla hujafika getini. Usiseme "mi naangalia mpira tu", kuna wazee pale watakuuliza we ni wa wapi kabla hujamaliza kulipa kiingilio (kama pauni kumi hivi, mara nyingine pungufu), na jibu la katikati linaua stori palepale. Mimi niliwaambia Hallam kwa sababu nakaa upande wa Crosspool, mtaa ulipo uwanja wao, basi mzee mmoja akaanza kunipa historia tangu Kombe la Youdan la 1867 ambalo Hallam walilibeba, utadhani alikuwepo. Ukisema Sheffield nao watakupokea, ila jiandae kutaniwa kwamba klabu yenu inajiita Sheffield wakati uwanja mnaotumia uko Dronfield, na Dronfield ni kaunti nyingine kabisa, ni Derbyshire. Utani wenyewe ndo huo, ukimya tu na maneno makavu, hawapigi kelele kama sisi, mtu anakuchoma huku anaangalia mpira na hata hacheki. Nawe jibu hivyohivyo.

Pili, hakuna kutenganishwa. Mnasimama pamoja nyuma ya kile kizuizi cha bomba, na wengi wanapenda kusimama nyuma ya goli ambalo timu yao inashambulia, ikifika mapumziko wanahama wote kwenda goli la pili. Pale wanapopishana katikati ya njia ndo raha yote ya dabi ilipo, usikimbilie chooni muda huo! Ila kumbuka uko hatua mbili tatu kutoka kwa mchezaji, anakusikia kila neno, kibendera naye anakusikia, na kuna watoto. Mtanie kipa kuhusu teke lake, sawa, mama yake muache. Mpira ukitoka nje ukaangukia miguuni kwako urudishe fasta, kama timu yako inaongoza wanakuvumilia sekunde kadhaa hivi.

Baridi sasa. Sandygate iko juu mlimani, upepo wake haujali umevaa nini, na uwanja wenyewe umelala upande, mteremko unauona kwa macho. Vaa soksi mbili, glavu, kofia. Kwenye chakula uliza kwanza, pai nyingine ni za nguruwe, na wanauza kinywaji cha moto kinaitwa Bovril ambacho ni kama mchuzi wa ng'ombe kwenye kikombe, wengine wanakipenda, mi hapana. Ukikuta chupa ya Henderson's Relish mwagia chipsi bila woga, ni sosi ya hapahapa Sheffield na ndani ina ukwaju na karafuu, ulimi wa mtu wa pwani unaitambua mara moja. Bia pia utaona watu wanakunywa huku wanaangalia mechi, kitu ambacho ligi za juu sheria inakataza, usishangae, na kama hunywi hakuna anayekulazimisha.

Bahati nasibu ya mapumziko nunua hata tiketi moja. Hizi klabu zinaendeshwa na watu wa kujitolea, anayekata tiketi, anayekaanga chipsi, anayechora chaki, wengi hawalipwi. Ukitaka kuzoeana na watu wa huu mji, ulizia kama wanahitaji mkono siku ya mechi, mi nilianza kwa kubeba viti na sasa kuna familia zinanijua kwa jina na zinanisalimia dukani. Kama viza yako ina masharti ya kazi yasome vizuri kabla hujakubali chochote, hata cha bure.

Na usafiri: Dronfield ni rahisi, treni dakika chache tu kutoka Sheffield, uwanja uko nyuma ya baa ya Coach and Horses. Sandygate unapanda basi la kwenda Crosspool. Ila mechi ikiangukia tarehe 26 Desemba, treni karibu zote zinalala siku hiyo na mabasi ni ya kubahatisha, kwa hiyo tafuta mwenye gari mapema, mchangie mafuta, na mkubaliane kabisa kwamba haondoki mpaka filimbi ya mwisho, maana kuna watu wakifungwa mbili tu washawasha gari.