Albamu bora za bolingo: Koffi abaki au atoke?

Mkuu, kama nimekuelewa vizuri, unapanga albamu zako kumi bora za rumba na bolingo, na umefika kwa Koffi Olomide, mwimbaji wa Kongo, ukakwama. Ukimweka, dada yako anasema unamtukuza mtu aliyehukumiwa kwa makosa dhidi ya wanenguaji wake. Ukimtoa, unaona orodha inakuwa ya uongo kwa sababu umekua na nyimbo zake. Waliotangulia kukujibu wamekwambia ama utenganishe kazi na mtu, ama ufute jina lake lote. Kwangu majibu yote mawili yametolewa haraka mno. Uniwie radhi kwa urefu, suala hili linanigusa.

Nimewahi kuwa fundi mitambo wa bendi moja ya dansi hapa Dar, jina lake nalihifadhi. Kazi yangu ilikuwa kufunga spika, kujaribu maiki, kukaa kwenye mixa hadi alfajiri, kisha kufungua kila kitu na kupakia garini. Fundi mitambo huondoka ukumbini wa mwisho, kwa hiyo anayaona ambayo shabiki hayaoni. Nimeyaona malipo ya usiku. Kiongozi anakaa kwenye kiti cha plastiki na daftari la shule mapajani, anaita majina: waimbaji kwanza, wapiga gitaa, drams, tumba, na mwisho kabisa wanenguaji. Binti ametoka kukata viuno saa nne mfululizo, kanga kajifunga juu ya sare iliyolowa jasho, anaambiwa posho yake imekatwa faini. Alichelewa mazoezi Jumanne. Soksi zake hazikufanana na za wenzake. Alinuna jukwaani. Akihoji anaambiwa nje kuna wasichana wengi wanaoitaka nafasi yake, na kweli wapo. Kambini wanalala chumba kimoja, kutoka ni kwa ruhusa. Bendi ikisafiri nje ya nchi, pasipoti zao zinakaa kwa kiongozi, "zisipotee."

Kwa hiyo habari za Ufaransa zilipotoka, sikuhitaji mtu anieleze maisha ya namna ile yanawezekanaje.

Tuyaweke sawa kwanza mambo ya mahakama, maana watu wanayachanganya. Tukio la Nairobi ni la Julai 2016: video ikaonyesha Koffi akimrushia teke mnenguaji wake uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Yeye alikana kumpiga. Kenya ilimkamata na kumfukuza nchini, onyesho likafa. Hilo ndilo watu wengi wanalikumbuka kwa sababu liliandamana na picha. Zito zaidi ni kesi ya Ufaransa. Wanenguaji wake wa zamani walisema kati ya 2002 na 2006 walikuwa wakifungiwa katika nyumba moja karibu na Paris, na walilazimishwa kufanya naye ngono. Machi 2019 mahakama ya Nanterre ilimtia hatiani kwa kosa la kingono dhidi ya mmoja wao aliyekuwa na miaka 15, kifungo cha miaka 2 cha nje. Desemba 2021 mahakama ya rufaa ya Versailles ikabadilisha: ikamwondolea makosa ya kingono, lakini ikamtia hatiani kwa kuwazuilia wanenguaji wanne, miezi 18 ya kifungo cha nje, pamoja na fidia kwa wanawake hao. Koffi amekana tuhuma hizi tangu mwanzo. Anayekwambia "alisafishwa" amesoma nusu ya hukumu, na anayekwambia "alifungwa kwa ubakaji" naye hakusoma chochote.

Sasa turudi kwenye albamu. Wengi tunauliza "huyu ni mtu mbaya au mzuri?", tukishapata jibu tunalipaka kwenye kila alichowahi kurekodi. Mimi nauliza swali jingine: albamu hii ilipokuwa inatengenezwa, nani alikuwa anaumizwa, na maumivu yake yaliingia ndani ya kazi yenyewe? Albamu ina mwaka wake, ina watu wake. Ukiuliza hivyo, mambo mengi yanajipanga.

Chukua mfano wa mbali kidogo ambao hauna utata. Mwaka 1994 R. Kelly, mwimbaji wa Marekani, aliitungia na kuitayarisha albamu ya kwanza ya mwimbaji mwenzake Aaliyah, aliyekuwa na miaka 15. Mwaka huo huo alifunga naye ndoa kinyume cha sheria, yeye akiwa na miaka 27. Albamu yenyewe jina lake linasema umri si kitu, ni namba tu. Huyu mtu alikuja kutiwa hatiani New York Septemba 2021 na kupewa miaka 30 mwaka uliofuata, lakini hata kama asingefikishwa mahakamani, albamu ile ingebaki vilevile: mtu mzima anamwandikia mtoto maneno ya kuimba ambayo yanamtetea mtu mzima. Hapo hakuna cha kutenganisha. Madhara ndiyo maneno ya wimbo. Siiweki kwenye orodha yoyote, na simlaumu Aaliyah hata chembe.

Kwa Koffi, angalia miaka. *Noblesse Oblige* ni ya 1993, *V12* ya 1995, *Loi* ya 1997. Kisha *Affaire d'État* 2003, *Monde Arabe* 2004, *Danger de Mort* 2006. Ziweke hizo tatu za mwisho juu ya miaka iliyotajwa mahakamani, uone zinavyolala palepale. Mnenguaji kwenye muziki wa Kongo si pambo la video. Sebene, ile sehemu ya wimbo inayochangamka kwa kucheza, inapoanza, mpiga solo anamtazama kiuno, atalaku, yule mhamasishaji wa jukwaani, anatangaza mtindo ambao miguu yake ndiyo inaufanya uwepo. Tulinunua *Affaire d'État* kwa ajili ya dansi, na waliolicheza ni wa kundi lilelile la Quartier Latin, bendi ya Koffi. Siwezi kuipa nafasi ya tano nikasema naheshimu kazi, wakati waliofanya sehemu ya kazi hiyo wamekuja kusimama mbele ya hakimu wakieleza walivyoishi wakiifanya.

Kuna jambo jingine ambalo shabiki wa bolingo analijua bila kulitilia maanani. Mabanga. Wimbo unakwenda vizuri, mara unasikia majina: mfanyabiashara fulani wa Brussels, mbunge fulani, mtoto wa fulani. Hao wamelipa ili watajwe, na wamebaki ndani ya wimbo milele. Mnenguaji utamsikia akiitwa ukumbini atalaku anapomwita asogee mbele, lakini kwenye albamu mara nyingi anayetajwa ni mwenye pesa. Sisi tuliokariri albamu hizo neno kwa neno tunayajua majina ya matajiri ambao hatujawahi kuwaona, na hatumjui hata binti mmoja aliyecheza. Tangu nilipoligundua hili, nasikiliza kwa sikio tofauti.

Sasa *V12*. Hii naibakiza. Siyo kwa sababu mtu wa 1995 alikuwa malaika, tabia ya mtu haianzi siku ile mahakama inapoanza kuhesabu. Naibakiza kwa sababu orodha yangu ni ushahidi wa nilichokipenda, na ile sauti yake nzito ya kunong'ona juu ya magitaa yaliyotulia ndiyo iliyonifundisha kwamba rumba inaweza kwenda polepole bila kulala. Nikiifuta nitakuwa nasema uongo juu ya masikio yangu. Lakini siiweki kimya. Pembeni ya jina naandika mstari mmoja: Versailles, 2021, wanenguaji wanne. Atakayesoma ajue navijua vyote viwili.

Hapa ndipo natofautiana na mdau aliyesema "kila mtu ana dhambi, ukichuja utabaki na kwaya." Hapana. Ulevi, wanawake wengi, majivuno, madeni, kugombana na wapiga gitaa wako mpaka bendi inavunjika, hayo ni maisha ya muziki na sijamtoa mtu kwa hayo. Ninachokipima ni mwenye nguvu kumdhulumu asiye na nguvu ambaye riziki yake iko mkononi mwake. Hicho si kipimo cha kwaya. Hata mwajiri wa kiwanda tunampima hivyo hivyo.

Papa Wemba, mwimbaji mwingine wa Kongo, anabaki kwangu bila wasiwasi. Alikamatwa Ufaransa mwaka 2003, akakaa mahabusu miezi kadhaa, na 2004 akatiwa hatiani kwa kuwaingiza watu Ulaya kwa kujifanya ni wanamuziki wake. Ni kosa la jinai, sikatai. Lakini waliosafirishwa walitaka kusafiri, walilipa wasafiri, na Kinshasa utakutana na wengi wanaomshukuru. Wapo walioibiwa fedha zao katika biashara ile ya ngulu, yaani ya kuvusha watu kwa njia za panya, na hilo linaniuma, ila siwezi kulipima kwa mizani ileile na ya msichana aliyefungiwa nyumbani. *Emotion* ya 1995 iko kwangu juu kabisa, na alipoangukia jukwaani Abidjan Aprili 2016 nililia kama ndugu yangu.

Franco wa TPOK Jazz naye watu wanampitisha tu kwa sababu ya ukubwa wake. Mwaka 1984 alitoa albamu nzima ya kumpigia kampeni Mobutu katika uchaguzi ambao mgombea alikuwa Mobutu peke yake. Ni muziki mzuri, hilo ndilo linalouma. Mimi ile nimeitoa, na *Mario* ya 1985 nimeipa nafasi ya kwanza. Mtu mmoja, miaka miwili inayofuatana, maamuzi mawili. Ndiyo maana nasema pima albamu, usipime jina.

Kuna aliyeuliza kuhusu Nguza Viking na mwanawe Papii Kocha, wanamuziki wa dansi wa hapa kwetu. Sijawahi kuwapanga popote, ila kesi yao inanifundisha kusubiri. Walipewa kifungo cha maisha mwaka 2004 kwa kubaka watoto wa shule. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliwaachia wana wengine wawili wa Nguza na kuwabakiza yeye na Papii. Desemba 9, 2017 Rais Magufuli akawasamehe, na miezi michache baadaye Mahakama ya Afrika pale Arusha ikasema baadhi ya haki zao katika kesi zilikiukwa. Msamaha si kufutiwa hatia, na haki kukiukwa si ushahidi kwamba jambo halikutokea. Anayetangaza kwa uhakika upande wowote ananishangaza, hasa akisahau kwamba katika habari ile kulikuwa na watoto, ambao sasa ni watu wazima na wanazisikia nyimbo zikipigwa kwenye daladala.

Halafu pesa. Franco amefariki 1989, Wemba 2016. Koffi yu hai na anafanya kazi. Wimbo wake na Diamond mwishoni mwa 2020 ulitazamwa na mamilioni ya watu, sisi tukiwa mstari wa mbele. Kila tunapobonyeza kuna senti inayokwenda. Mimi *V12* ninayo kwenye kanda na CD za zamani, nikitaka kusikiliza natumia hizo. Sitoi kiingilio cha onyesho lake. Sijasema kila mtu afanye hivyo, mwenye bendi za kulisha ana hesabu zake, lakini mtu anayeniambia "mimi nasikiliza tu" namkumbusha kwamba siku hizi kusikiliza ni kulipa.

Kuhusu dada yako, usimpelekee hoja ya sanaa na msanii. Mwonyeshe umepanga nini na kwa nini, pamoja na mistari ya pembeni. Akiona umewaandika wale wanawake wanne mahali ambapo shabiki hawategemei, mtazungumza vizuri zaidi. Na akiendelea kusema *V12* itoke, msikilize, kwa sababu yeye anaisikia albamu ile akiwa amesimama mahali ambapo mimi na wewe hatujawahi kusimama.

Orodha yangu kwa sasa inakwenda hivi: *Mario*, kisha *Songs for the Poor Man* ya Remmy Ongala na Super Matimila ya 1989, ambayo haishuki hata dunia igeuke, kisha *Emotion*, kisha *Virunga Volcano* ya Samba Mapangala, ya tano *V12* na mstari wake. Kuanzia ya sita napanga na kupangua kila msimu. *Effrakata* inanitesa. Ni ya 2001, mwaka mmoja kabla ya ile miaka ya mahakamani, lakini tuzo zake za Kora, zile za muziki wa Afrika, alizipokea 2002, na nilicheza nayo kuliko albamu nyingine yoyote ya Koffi. Kwa kipimo changu cha miaka ingepita. Nikiiwasha, sebene inapofunguka nawaona wasichana wakipanga mstari, na najua ni mwaka gani unaofuata. Iko nje.