Beki mdogo, mkataba mkubwa: mimi nasema mlipeni mapema

Mhariri, habari za kazi. Swali lenu la wiki hii, "Kijana mwenye kipaji, klabu impe mkataba mnono mapema au imsubirishe kwanza athibitishe?", nimeona wengi wameshalijibu kwa mifano ya mpira wa miguu, Simba na Yanga, sijui nani kakimbilia Uarabuni. Sawa tu. Ila mimi naomba niwahamishe niwapeleke kwenye barafu, maana naishi Montreal, Kanada, mwaka wa 12 sasa na huku hilo swali ni la kila siku, kwenye basi, kazini, na hasa kwa kinyozi wetu, mzee mmoja wa Bujumbura, ukikaa kwenye kiti chake huinuki bila kusema msimamo wako kuhusu Canadiens, timu yetu ya hoki ya barafuni.

Jibu langu: alipwe mapema. Na nasema hivi mimi niliyekuwa upande wa pili kabisa, nikaweka dau, nikaliwa.

Kwa ambao hawajui hii hoki ya barafuni, niseme mawili tu. Kwanza kijana huku hasajiliwi anakotaka yeye. Kila kiangazi klabu zinachagua vijana kwa zamu, wanaita drafti, ukishaitwa jina lako haki zako ziko kwa klabu hiyo kwa miaka kadhaa, upende usipende. Pili, na hili ndo kubwa, kuna kikomo cha mishahara, yaani hata mwenye klabu awe tajiri vipi hawezi kumwaga hela anavyotaka, msimu huu wa 2025-26 klabu nzima mwisho dola milioni 95.5, msimu ujao 104, unaofuata 113.5. Hizo namba zishikeni maana nitazirudia.

Sasa mwenye kesi ni Lane Hutson. Beki, Mmarekani, sentimita 175, kilo 73 hivi. Kwa beki wa hoki huo ni mwili wa kuchekwa, wenzake wengi wamepita sentimita 183 na kilo 90, na kazi ya beki kwa miaka yote ilikuwa kubana watu ukutani. Drafti ya 2022 ilifanyikia hapahapa Montreal, ukumbi wa Bell Centre, majina 61 yakaitwa kabla yake, sisi tukamchukua wa 62 kwa nafasi tuliyoipata kutoka klabu ya Edmonton kwa kuwapa beki wetu Brett Kulak. Akaenda zake Boston University misimu miwili, akafunga na kutoa pasi za magoli kama siyo beki, halafu Aprili 2024 akaja akacheza mechi mbili za mwisho wa msimu.

Oktoba 2024 msimu ukaanza na pale kwa kinyozi pakachafuka. Jamaa mmoja wa Lubumbashi akasema, "Ule mutoto iko mudogo sana, batamuvunja." Mimi nikaunga mkono, nikaongeza na ya kwangu, nikasema Krismasi haifiki huyu atakuwa Laval. Laval ni mji wa ng'ambo ya mto tu hapo, ndo iliko timu yetu ya daraja la chini ambako vijana wanapelekwa kuiva. Mzee akazima mashine, kichwa changu kiko nusu, akaniuliza, "Unaweka nini?" Nikasema nikiliwa nalipia kunyoa kwa wote wanne tuliokuwepo mpaka Pasaka.

Na jamani mwanzoni nilikuwa naona dau ni langu, maana huyo dogo alikuwa anafanya makosa ya kutia presha. Ngoja niwaelezee kitu kimoja anachofanya ili mnielewe. Anasimama na kile kisahani cheusi, ndo mpira wa hoki hicho, pale kwenye mstari wa buluu, mpaka wa eneo la wapinzani, mahali ambapo kila kocha wa dunia hii atakwambia usicheze nacho, tupa mbele, kwa sababu ukinyang'anywa pale nyuma yako hakuna mtu, amebaki kipa peke yake. Yeye hatupi. Anateleza kwa ubavu kando ya ule mstari, uso kwa uso na anayemfuata, anadondosha bega la kushoto kidogo tu, jamaa anakwenda kushoto, yeye yuko kulia tayari, jamaa anarudi, yeye karudi alikotoka, mpaka yule mtu mzima anachanganya miguu yake mwenyewe na njia inafunguka kama mlango. Ikifanikiwa ukumbi wote unasimama. Ikifeli wapinzani wawili wanakimbia kwenda kumwona kipa wetu. Na ilifeli, siyo mara moja wala mbili.

Nilichokuwa nasubiri mimi ni kocha achoke. Hakuchoka. Kocha wetu ni Martin St. Louis, naye enzi zake alikuwa kibushuti, mfupi hata kuliko Hutson, hakuchaguliwa kwenye drafti yoyote, na bado akaja kuwa mchezaji bora wa ligi na bingwa na Tampa Bay mwaka 2004. Mtu kama huyo utamwambia nini kuhusu ufupi? Kijana akikosea alikuwa anarudishwa uwanjani zamu zake zikifika kama kawaida, dakika zaidi ya 22 kwa mechi, mzigo wa mkongwe. Goli lake la kwanza lilisubiri mpaka Desemba lakini pasi za magoli zilikuwa zinamwagika, na hiyo Desemba ikaja ikapita, Laval hakwenda.

Mwisho wa msimu akawa na magoli 6 na asisti 60, pointi 66 kwa mechi 82. Asisti 60 ni sawa na rekodi ya ligi nzima kwa beki mgeni, yaani wa msimu wake wa kwanza kwenye ligi, aliyoiweka Larry Murphy msimu wa 1980-81. Pointi 66 zikampita Chris Chelios aliyekuwa na 64 akiwa beki mgeni hapa Canadiens miaka arobaini iliyopita. Akapewa Calder, tuzo ya mchezaji mgeni bora, ambayo hapa ilikuwa haijaonekana tangu kipa Ken Dryden mwaka 1972. Mimi nikalipa vichwa vinne, na mmoja wao alikuwa ananyoa kila wiki makusudi.

Sasa tuje kwenye hela, ndo swali lenyewe. Mkataba wake wa kwanza ulikuwa unaisha kiangazi cha 2026, kwa hiyo klabu ilikuwa na uwezo wa kusema tulia kwanza, cheza mwaka mwingine, tuone kama siyo bahati ya msimu mmoja. Wengi walitaka hivyo. Tarehe 13 Oktoba 2025, sikukuu ya Shukrani huku, nilikuwa kazini najilaumu kwa nini nimekubali zamu ya sikukuu, simu ikaanza kutetemeka mfukoni haikomi: miaka 8, dola milioni 70.8, yaani 8.85 kwa mwaka. Kelele. Nahodha wetu Nick Suzuki anachukua 7.875, iweje mtoto wa miaka 21 amzidi nahodha? Na ulinzi hajui! Na akiumia je?

Wanaolia hivyo nawauliza, mmemsahau P.K. Subban?

Mimi Subban ndo aliyenifanya niangalie huu mchezo. Nimefika hapa 2013, baridi, sijui mtu, nafungua TV namwona mtu mweusi beki anakimbia na kisahani kutoka golini kwake mpaka kwa wapinzani na watu elfu ishirini wanaimba jina lake, nikasema kumbe inawezekana. Kisa chake kiko hivi: Januari 2013 mkataba wake ulikuwa umeisha, klabu ikasema kijana athibitishe kwanza, ikabana mpaka akakosa mechi za mwanzo, mwisho akasaini miaka miwili kwa jumla ya dola milioni 5.75. Daraja tu hilo, la kuvukia. Msimu uleule akachukua Norris, tuzo ya beki bora wa ligi. Kiangazi cha 2014 wakafika mpaka mbele ya msuluhishi, kile kikao ambacho klabu inapanga hoja za kupunguza thamani ya mchezaji naye amekaa palepale anasikia. Kesho yake wakasaini miaka 8, dola milioni 72. Milioni 9 kwa mwaka wakati kikomo cha mishahara kilikuwa 69.

Haya chukueni kalamu. 9 kwa 69 ni asilimia 13 ya hela yote ya mishahara. 8.85 kwa 104, maana mkataba wa Hutson unaanza msimu ujao, ni asilimia 8.5. Na kikomo kinapanda tena. Aliyesubirishwa athibitishe alikula fungu kubwa zaidi la chungu, na walimuuza 2016 akiwa na miaka miwili tu ndani ya huo mkataba, siku mbili kabla kifungu cha kuzuia asiuzwe hakijaanza kazi. Kwa hiyo kusubiri kuliwaokolea nini hasa?

Tena Montreal tulipata afadhali, Subban hakutukimbia, alisaini akalipwa. Waulize Edmonton. Walikuwa na beki wao Philip Broberg, wamemchagua wa 8 mwaka 2019, miaka wanamzungusha, mara timu kubwa mara timu ndogo kule California, halafu 2024 wakamrudisha katikati ya mtoano akacheza mpaka fainali. Agosti ya mwaka huohuo klabu ya St. Louis Blues ikamwekea ofa ya dola milioni 4.58 kwa mwaka, sheria inaruhusu kwa kijana ambaye mkataba umeisha, klabu yake inapewa siku 7 ilipe sawasawa au imwachie. Edmonton mfuko ulikuwa umeshajaa mishahara ya wakubwa. Wakamwachia, wakaambulia nafasi ya raundi ya pili kwenye drafti.

Hili mimi nimeliona kwa macho yangu na wala siyo kwenye barafu. Ghala niliyokuwa nafanya kazi zamani kulikuwa na kijana wa Kigoma anaendesha folklifti, yaani unampa kontena lililopakiwa hovyo analipanga kwa nusu ya muda wetu na hajawahi kuchana hata boksi. Akaomba aongezwe dola mbili kwa saa. Bosi akamwambia wewe bado mdogo, tuongee mwakani. Baada ya wiki tatu kijana yuko ghala la barabara ya pili, na bosi ameajiri watu wawili kujaza pengo lake. Hao wawili walichana maboksi mpaka tukazoea.

Ila nisiwadanganye, kumlipa mapema siyo sawa na kumpanga mapema, na hapo ndo watu wengi wanachanganya mambo. Tunaye beki mwingine, David Reinbacher, kijana wa Austria, klabu ilimchukua wa 5 mwaka 2023 ikamwacha Matvei Michkov, fowadi Mrusi aliyekwenda Philadelphia kwa nafasi ya 7. Mashabiki walimtukana yule mtoto mitandaoni siku ileile, ana miaka 18, kosa lake kuitwa jina. Septemba 2024 akaumia goti kwenye mechi ya kujipima nguvu na Toronto, akapasuliwa, akarudi Februari akiwa Laval. Huyo asubiri, goti linataka muda, na ukimharakisha ili kuwanyamazisha watu utamharibu. Ila kumsubiri aive ni kitu kimoja, kumbania hela wakati ameshaiva ni kingine.

Kuna na la kodi, watu huku wanalipenda sana. Quebec, jimbo letu hili, ukiwa na kipato kikubwa, kila dola ya juu zaidi ya nusu inachukuliwa, wakati Florida huko Marekani jimbo halikati mshahara hata senti. Kwa hiyo Hutson kukubali 8.85 hapa kuna hela ameiacha mezani, na angeweza kusubiri kiangazi kikomo kipande aombe zaidi. Na klabu nayo ilikuwa na haraka yake, makubaliano mapya ya ligi yanaanza Septemba 2026 na mkataba mrefu kabisa unaoruhusiwa unashuka kutoka miaka 8 kuwa 7.

Binamu yangu wa Nairobi ananiambia pale hoteli ya Panari wana barafu yao na timu yao ya hoki, Ice Lions, ananiuliza hizi hela zitafika lini kwao. Nimemwambia kwanza atafute skeiti zinazomtosha.

Mzee bado hajakubali kwamba nimebadilika. Jumamosi amenitaka niweke dau la msimu huu, nikasema Reinbacher atakuwa beki wa kudumu Canadiens kabla hajafika miaka 23. Akaniuliza vichwa vingapi. Jamaa wa Lubumbashi alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha pembeni anahesabu watu waliomo ndani.