Mikro si yako: kwa wadogo zangu wa filamu za usiku mmoja

Jumamosi iliyopita nilikaa kiti cha nyuma kabisa, karanga mfukoni, nikaangalia filamu ya wadogo zangu. Dakika 38. Kijana na msichana wanakutana kituo cha taksi pale Kenya, mtaa wetu wa Lubumbashi, si nchi, wanatembea mji mzima, jua linawakuta chini ya bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini. Pesa hawakuwa nazo, hilo linaonekana, lakini macho wanayo. Nilikuwa nimeshajiandaa kuwapongeza. Taa zikawashwa, mama mmoja akainua mkono akauliza swali dogo tu, na mwongozaji wetu akakamata mikro, kile kipaza sauti, akaanza kutueleza filamu ambayo tumetoka kuiona sasa hivi. Dakika kumi na saba. Nilihesabu. Karanga ziliisha yeye bado yuko kwenye "nilichotaka kuonyesha hapa".

Sasa nisikilizeni. Haya makosa niliyafanya kabla yenu, tena kwa ustadi zaidi.

1. Filamu ikiisha, mdomo wako umemaliza zamu. Yanabaki masikio na kalamu.

2. Swali linalokukera kuliko yote ndilo la kuandika kwanza. Hapa itabidi niwaambie habari ambayo huwa siisimulii.

Filamu yangu ya kwanza ya usiku mmoja tulikuwa watu watano, kamera ya kuazima na dola 380 za kuchangishana. Tulipiga mwezi wa saba, na mnaijua baridi ya Lubumbashi ya mwezi wa saba: kufika saa nane za usiku msichana wetu alikuwa anatetemeka hadi maneno ya mapenzi yanatoka yamekatika vipande. Karibu na stesheni ya gari la moshi palikuwa na mlinzi wa usiku, mzee, amekaa getini na mbabula yake, jiko la makaa. Alituita. Hakuuliza tunafanya nini. Alimvua ubaridi yule binti kwa koti lake mwenyewe, koti zito linalonuka makaa, akatusogezea mbabula. Plani, yaani kipande cha picha, nzuri kuliko zote katika filamu ile, nyuso mbili zimeangazwa na makaa mekundu tu, ni mwanga wa mzee yule. Tulimshukuru, tukamwambia siku ya maonyesho aje, kama watu wanavyosema "tutaonana".

Siku ya maonyesho, ukumbi mdogo wa mtaa wa Kamalondo, viti vya plastiki, watu wamejaa. Mjadala unaanza. Safu ya pili anasimama mzee mmoja, shati jeupe limepigwa pasi, kofia mkononi. Anasema: "Mwanangu, mimi nauliza tu. Huyu binti, kwao wanajua yuko wapi?"

Ukumbi ulicheka. Mimi nikaona ninachekwa. Nikajibu, na mikro ilikuwa nzuri, kila mtu alisikia: "Mzee, hii ni sinema, si mkutano wa familia." Wakacheka tena, safari hii nikadhani wako upande wangu, basi nikanogewa. Nikamletea mwongozaji wa Marekani, Richard Linklater, na filamu yake Before Sunrise ya 1995. Nikamwambia kule Vienna watu wawili wanatembea usiku kucha na kuongea, basi, hakuna anayeuliza habari za wazazi, na tamasha la filamu la Berlin wakampa tuzo ya Dubu wa Fedha wa uongozaji bora. Nilitaja mpaka bajeti, dola milioni 2.5, kama vile mimi ndiye niliyezitoa.

Mzee alisema, "Asante, mwanangu." Akavaa kofia, akakaa.

Baada ya hapo hakuna mkono ulioinuka. Aliyeongoza mjadala aliuliza mara tatu: nani mwingine? Kimya. Na mimi, wadogo zangu, kile kimya nikakihesabu kuwa kuridhika. Nilitoka pale nimefurahi! Mlangoni fundi wetu wa sauti ndiye aliyeniambia: "Umemwona mzee wa mbabula? Kumbe alikuja." Sikuwa nimemtambua bila koti lake.

Katika ukumbi mzima ni yeye peke yake aliyeujua usiku wa mji huu kwa kuukesha, miaka na miaka, na nilimfundisha usiku kwa mifano ya Vienna.

Kibaya zaidi kilikuja baadaye, niliporudia kuitazama ile filamu niliyomrushia usoni. Kabla hata hawajashuka kwenye treni, kijana anasema ana ndege ya asubuhi na hana pesa ya hoteli, ndiyo maana atazunguka mji usiku kucha. Msichana anatoka Budapest anakwenda Paris, Vienna hana mtu anayemngoja. Swali la mzee limejibiwa mapema, kwa sentensi chache, ndiyo sababu hakuna anayeliuliza! Binti wangu mimi alikuwa anakaa na mama yake barabara mbili kutoka kituo cha taksi, na simu ilikuwa mkononi mwake filamu nzima. Ukumbi wote ulikaa dakika arobaini unangoja ile simu ilie. Maneno yangu matamu ya mapenzi nani angeyasikia?

Marekebisho yalinigharimu chupa moja ya munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Nilimpa shangazi yangu, nikamrekodi jikoni kwake: "Uko wapi? Bukari inapoa." Bukari ndiyo ugali. Binti anamjibu kwa sauti ya huzuni kwamba yuko matanga, babu wa rafiki yake amefariki, watakesha. Kijana pembeni anajiziba mdomo. Tulipoionyesha tena, watu walipiga makofi kwenye viti, kwa sababu nani hapa hajawahi kumzika babu wa mtu aliye hai ili alale nje? Na kuanzia hapo wakawa upande wa wale wawili.

3. Mwezi. Mkipiga filamu ya usiku mmoja kwa usiku sita, mwezi hautawangoja: unakua, na kila siku unachelewa kuchomoza karibu dakika hamsini. Jumamosi kulikuwa na nusu mwezi kwenye busu na mwezi mpevu kwenye kuagana robo saa baadaye. Mtoto mbele yangu aliona. Wekeni mtu wa rakori, wa kuangalia picha ziendane, hata kama ni dada yenu mdogo na daftari la shule. Hasa dada yenu mdogo.

4. Picha yenye giza watu wataisamehe, sauti ya jenereta chini ya "nakupenda" hawaisamehi.

5. Karatasi ya ruhusa kutoka komini, ofisi ya mtaa, ikae mfukoni mwa mtu asiye na hasira.

6. Msigawe vikaratasi vya "je, umeipenda?" Watu wetu wana adabu, wataandika "nzuri sana, Mungu awabariki", na wewe utakwenda kulala hujajua kitu. Kaa pembeni, mgongo ukutani, uangalie watazamaji badala ya skrini. Simu zikianza kuwaka, andika dakika. Kwangu ziliwaka dakika ya 23, matembezi ya darajani, plani niliyoipenda kama mtoto wa kwanza. Niliikata usiku uleule, na nilikuwa kama nina msiba. Jumamosi kwenu ziliwaka dakika ya 11 na ya 26. Mwongozaji, unajua ni wapi. Usinipigie simu kujitetea.

7. "Walioana?" Mtaulizwa tu, kila mara. Msijibu. Linklater mwenyewe aliwaachia watu ubishi kama wale wawili wangerudi kuonana, na jibu lilikuja 2004, miaka tisa baadaye, katika filamu ya pili, Before Sunset. Wakibishana mpaka kwenye taksi, nyinyi mmeshakula.

Yule mzee nilimfuata getini kwake kumwomba msamaha. Alisema hakumbuki ubaya wowote, uongo wa kiungwana. Akaja kuona montaji mpya, filamu iliyounganishwa upya, shati lilelile, safu ileile ya pili. Safari hii nilimpelekea mikro mimi mwenyewe na nikakaa chini. Alifikiri kidogo.

"Mama yake amepiga mara moja tu? Mke wangu angepiga mara kumi."

Niliandika. Zikawa mara tatu.

Basi, Jumamosi ijayo saa nane za mchana mnaleta montaji yenu, na yule mama aliyeuliza swali mtafuteni aje, mmlipie na taksi. Mikro nitaishika mimi.